Baada ya Mshono: Kazi ya Upasuaji na Utafiti Wake, kutoka Karatu hadi Ngorongoro

Mwaka 2006 bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, mzaliwa wa Sri Lanka, alifika Hospitali ya Kilutheri Haydom. Hospitali hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1955, iko wilayani Mbulu, kwenye barabara itokayo Karatu kuelekea kusini. Siku hizo mabingwa wa ubongo Tanzania nzima walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kituo chao kilikuwa Dar es Salaam. Aliyepasuka fuvu Haydom au Karatu alisafirishwa, akifika hai ni bahati yake. Au alilazwa wodini, ndugu wakakaa kusubiri majaliwa.

Ellegala angeweza kupasua wagonjwa kadhaa, akapiga picha na wauguzi, kisha akapanda ndege kurudi kwao. Badala yake alimchukua daktari msaidizi wa hapo hapo, Emmanuel Mayegga, ambaye wakati huo hakuwa hata na shahada ya udaktari. Akamfundisha kufungua fuvu na kutoa damu iliyoganda juu ya ubongo, kuweka mrija kwa watoto wenye vichwa maji, na kufunika uti wa watoto waliozaliwa na mgongo wazi. Mayegga alipoiva, naye akamfundisha mwenzake.

Mwandishi wa habari wa Marekani, Tony Bartelme, alikiandikia kisa hicho kitabu kilichotoka mwaka 2017, na ndiyo sehemu inayojulikana. Sehemu isiyosimuliwa sana ni kwamba watu wale walihesabu. Mwaka 2010 walichapisha katika jarida la kimataifa la upasuaji wa ubongo tathmini ya mafunzo yao: nani alipasuliwa, kwa tatizo gani, nani alipona na nani alifariki. Jina la Mayegga limo katika orodha ya waandishi. Miaka minne baadaye ikatoka makala nyingine iliyoweka matokeo ya upasuaji wa madaktari wasaidizi kwenye mizani.

Mhadhara huu una hoja moja inayotoka katika kisa hicho. Upasuaji una nusu mbili. Nusu ya kwanza huishia pale uzi wa mwisho unapokatwa na mgonjwa anapotolewa thieta. Nusu ya pili ni kujua yaliyompata baada ya hapo, yeye na mia wengine kama yeye, na kubadili kazi kulingana na majibu. Kwa daktari kijana wa Karatu au wa Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, nusu hiyo ya pili ndiyo inayoweza kumfanya abaki wilayani na bado awe na jina katika fani yake.

NGAZI YA MPASUAJI

Njia ya kufikia ubingwa wa upasuaji Tanzania ni ndefu, lakini inaeleweka. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5. Unafuata mwaka mmoja wa utarajali, ambapo daktari huzungushwa wodi kwa wodi na kulala kwa kuiba, kisha usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Wengi hapo hupelekwa wilayani. Huko, saa nane za usiku, mama mwenye uchungu uliokwama hamwulizi mtu kama amekwisha kusomea ubingwa.

Kutoka hapo kuna milango miwili. Wa kwanza ni shahada ya uzamili katika vyuo kama Muhimbili, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza. Wa pili ni Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kijulikanacho kwa kifupi kama COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, mwendo wa saa chache kutoka Karatu. Chuo hiki hakina kumbi za mihadhara wala mabweni. Mwanafunzi hufundishwa kazini, katika hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa, chini ya bingwa anayemsimamia. Huandika kila upasuaji anaofanya kwenye daftari la kumbukumbu, na hufanya mitihani ya pamoja na wenzake wa nchi nyingine. Hatua ya uanachama huchukua miaka 2, na ubingwa kamili jumla ya miaka 5.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 ilikuta wapasuaji bingwa 1,690 katika nchi za eneo la chuo hicho wakati huo, yaani 0.53 kwa kila watu 100,000. Wanawake walikuwa asilimia 9 tu. Kwa uwiano huo, wilaya ya Karatu, iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya 230,000 katika sensa ya 2012, ingestahili mpasuaji mmoja na kipande. Habari njema ipo pia. Waliofuatilia wahitimu wa upasuaji wa eneo hili walikuta kwamba takriban asilimia 85 walibaki katika nchi walikosomea. Ile dhana kwamba kila anayesomeshwa hukimbilia Ulaya haina takwimu za kuisimamisha. Tatizo kubwa lipo ndani ya mipaka: bingwa hubaki nchini, ila hubaki mjini.

Pengo hilo kwa miongo mingi lilizibwa na madaktari wasaidizi, watu wa daraja la Mayegga, walioanza kufundishwa Tanzania miaka ya 1960. Je, walikuwa wakipasua vizuri? Swali hilo lilijibiwa kwa hesabu. Watafiti waliingia katika hospitali 14 za mikoa ya Mwanza na Kigoma, wakafuatilia upasuaji mkubwa wa uzazi zaidi ya elfu moja, ambao sehemu kubwa mno ulifanywa na madaktari wasaidizi. Makala yao ya mwaka 2009 ilisema hapakuwa na tofauti ya maana kati ya matokeo yao na ya madaktari wenye shahada. Serikali baadaye ilichagua njia nyingine na mafunzo ya daraja hilo yakasitishwa. Uamuzi wa namna hiyo una hoja zake pande zote mbili, lakini asingekuwapo aliyehesabu, mjadala mzima ungebaki kuwa wa heshima za vyeo.

Kuna jambo moja la ngazi hii ambalo wanafunzi wenyewe hulitaja kwa kicheko cha uchungu. Kila anayesoma shahada ya uzamili lazima aandike tasnifu. Hukusanya data kwa miezi mingi, hulala juu ya kompyuta, hutetea kazi yake mbele ya jopo, kisha tasnifu hujalidiwa jalada gumu na kuwekwa rafuni. Siku anaporipoti kituo cha kazi, hakuna anayemwuliza utafiti wa pili ni upi. Utafiti umekuwa kama ada ya kuvukia daraja: ukishalipa, basi.

BARABARA YA KARATU

Tarehe 6 Mei 2017, asubuhi ya mvua, basi la shule moja ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai, wamevunjika vibaya. Siku chache baadaye walisafirishwa kwa ndege hadi Sioux City, jimbo la Iowa, Marekani, wakapasuliwa na kuuguzwa huko, wakarudi nyumbani Agosti mwaka huo huo. Taifa zima liliwafuatilia watoto hao, likawapokea kwa machozi ya furaha.

Ajali ile ilikuwa kubwa kiasi cha kuifikia dunia. Zile zisizoifikia ndizo zinazojaza wodi: bodaboda na kiroba cha vitunguu vya Mang'ola, gari la watalii lililohama njia, mchungaji aliyekutana na nyati, fundi aliyeanguka kutoka kwenye paa. Mwaka 2015 tume ya kimataifa iliyoundwa na jarida la The Lancet ilipendekeza kipimo rahisi cha uwezo wa eneo: je, mtu anaweza kufika ndani ya saa mbili katika hospitali inayoweza kufanya upasuaji wa uzazi, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi? Tume hiyo ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawana huduma ya upasuaji iliyo salama, ya karibu na wanayoimudu. Tanzania ilizindua mpango wake wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi mwaka 2018, mojawapo ya nchi za mwanzo Afrika kufanya hivyo.

Mjini Karatu milango ipo. Hospitali ya Kilutheri ya Karatu imehudumia wilaya kwa miaka mingi. Kuna pia FAME, iliyofungua kliniki yake mwaka 2008 kwa juhudi za Frank Artress na mkewe Susan Gustafson, Wamarekani walioacha maisha yao ya California na kuhamia hapa. Artress alikuwa bingwa wa dawa ya usingizi kwa wagonjwa wa moyo, na fani yake inakumbusha jambo ambalo wananchi wengi hawalioni: mpasuaji bila mtaalamu wa usingizi ni mtu aliyesimama na kisu tu. Kesi kubwa bado huandikiwa rufaa, kwenda Arusha au KCMC.

Sasa, mfupa wa muundi uliovunjika na kutokeza nje ni ugonjwa wa bodaboda hasa. Una njia kuu mbili za kuushikilia: kupitisha chuma ndani ya mfupa, au kuufunga kwa vyuma vya nje vinavyopenya ngozi. Ipi bora kwa Mtanzania? Vitabu vya Ulaya vilikuwa na majibu yao, lakini Ulaya mgonjwa hufika thieta upesi na kidonda bado kibichi. Wapasuaji wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wakiongozwa na Billy Haonga na wakishirikiana na wenzao wa San Francisco, waliamua kuuliza hapa hapa. Waliwaandikisha wagonjwa 240, wakapangwa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, wakafuatiliwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kwa maambukizi makubwa, kurudiwa upasuaji au kifo, njia hizo mbili hazikutofautiana kwa kiwango cha kutegemewa. Waliowekewa chuma ndani walijisikia nafuu mapema zaidi, na mfupa ulinyooka vizuri zaidi, ingawa mwaka ulipotimia tofauti ya hali ya maisha ilikuwa imefifia.

Idadi moja ya utafiti ule inastahili kutazamwa peke yake. Kati ya wagonjwa 240, waliofuatiliwa hadi mwisho wa mwaka ni 221, yaani asilimia 92. Kila kikao cha utafiti nchini kina mtu wa kusema kwamba wagonjwa wetu hupotea wakisharuhusiwa. Wale wa MOI karibu wote hawakupotea, kwa sababu kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafuta.

SIKU YA THELATHINI

Kitabu cha thieta katika hospitali ya wilaya ni daftari kubwa lenye kona zilizokunjika, na mara nyingi lina doa la ayodini kwenye ukurasa fulani. Mistari yake hupigwa kwa rula: tarehe, jina, umri, jinsia, kijiji, ugonjwa, aina ya upasuaji, mpasuaji, msaidizi, aina ya usingizi. Safu ya mwisho kulia kwa kawaida ndiyo nyembamba kuliko zote. Hapo huandikwa hali ya mgonjwa akitoka thieta, na karibu kila mstari una neno lile lile: nzuri.

Neno hilo ni la kweli kwa saa ile. Lakini utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji Afrika, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25, ulionyesha kwamba vifo vingi mno hutokea baada ya siku ya upasuaji, mgonjwa akiwa amekwisha kurudishwa wodini. Waliofariki walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi. Tatizo lililoongoza lilikuwa maambukizi, usaha kwenye kidonda ukiwamo. Na usaha hauna haraka. Hungoja siku ya tano, ya kumi, ya kumi na tano, mgonjwa akiwa kwao Endabash au Nainokanoka. Ndiyo maana watafiti wa upasuaji duniani wamekubaliana kuhesabu hadi siku ya 30. Kitabu cha thieta hakina safu hiyo.

Hospitali ya vijijini Tanzania imewahi kuifundisha dunia katika jambo hili. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali katika miji 8 zilijaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kukagua usalama kabla, wakati na baada ya upasuaji. Miji ilikuwa Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London, Seattle na Ifakara. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa bega kwa bega na hospitali tajiri. Orodha yenyewe ina vipengele 19 na inasomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa. Jina la mgonjwa lathibitishwa. Dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa? Vitambaa vimehesabiwa? Matokeo ya jumla yalitoka mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Orodha hiyo ikaenea dunia nzima kama moto wa nyika. Kisha mwaka 2014 watafiti wa Ontario, Kanada, wakaangalia hospitali 101 zilizolazimishwa kuitumia, wasione upungufu wa maana wa vifo. Mabishano yakaanza. Wengine walisema karatasi ilitiwa alama bila kusomwa. Wengine wakasema hospitali za Ontario zilikuwa tayari salama, hazikuwa na nafasi kubwa ya kushuka. Kwa daktari wa wilayani, funzo la mabishano hayo ni la kazi moja kwa moja: kinachofaa Toronto hakibebwi kizima kizima kuletwa Karatu, wala kilichoshindikana Ontario hakitupwi kabla hakijapimwa hapa.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2022. Utafiti uliohusisha wagonjwa 13,301 katika nchi saba, Rwanda ikiwamo, uliuliza swali ambalo muuguzi yeyote wa thieta angeweza kuliuliza: je, timu ikibadilisha glavu na kutumia vifaa safi kabla tu ya kufunga tumbo, usaha utapungua? Wapasuaji hawakuletewa roboti wala dawa mpya. Waliletewa glavu na seti ya pili ya vifaa. Maambukizi ya kidonda ndani ya siku 30 yalikuwa asilimia 18.9 kwa waliofungwa kwa utaratibu wa zamani, na asilimia 16 kwa waliobadilishiwa.

Na mgonjwa aliyekwisha kwenda nyumbani atafikiwaje? Hospitali ya wilaya ya Kirehe, mashariki mwa Rwanda, ni ya vijijini kama Karatu. Huko watafiti walifuatilia akina mama waliojifungua kwa upasuaji na kukuta takriban mmoja kati ya kumi alipata maambukizi ya kidonda. Wakajaribu kuwatumia wahudumu wa afya wa jamii, watu wa kijiji kile kile wenye simu mkononi, wamtembelee mama nyumbani kwake, wamwulize maswali machache yaliyopangwa, na kupiga picha ya mshono ili hospitali iuone. Tanzania inao wahudumu wa aina hiyo katika vijiji vingi. Kinachobaki ni kuwapa maswali, vocha na sababu.

BARUA NA GARI LA BURKITT

Anayedhani utafiti wa upasuaji lazima uanzie kwenye maabara ya chuo kikuu amsikilize Denis Burkitt. Mwaka 1957, akiwa mpasuaji wa Mulago, Kampala, Burkitt aliitwa na daktari mwenzake amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda si mrefu, katika hospitali nyingine, akaona mtoto wa pili mwenye uvimbe ule ule. Mwaka 1958 akaandika makala yake ya kwanza katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Hakuwa na fedha za kutajika. Akatuma barua zenye picha kwa hospitali za misheni na za serikali barani, akiuliza: mmeuona uvimbe huu?

Majibu aliyachomeka kwenye ramani. Mwezi Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakajipakia kwenye gari na kusafiri takriban maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine, Tanganyika ikiwamo, wakizungumza na madaktari na kufungua vitabu vyao. Walichokiona ni kwamba uvimbe ulifuata joto na mvua. Karibu na ikweta haukupanda juu ya takriban meta 1,500. Kwa kipimo hicho, Karatu ingeangukia mpakani, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio juu ya meta 2,200, ungekuwa nje kabisa. Mwaka huo huo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, alikuwa amemsikia Burkitt akihutubia London, akaomba sampuli. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza kirusi kilichobeba majina ya Epstein na Barr, cha kwanza kujulikana kuhusiana na saratani ya binadamu.

Msingi wa yote hayo ulikuwa kumbukumbu za hospitali za pembezoni. Wauguzi na matabibu walioandika jina, umri na kijiji cha mtoto mwenye taya lililovimba hawakujua kwamba wanachora ramani.

UVIMBE WA ENDULEN

Katika wilaya ya Ngorongoro upo ugonjwa ambao mpasuaji wa Dar es Salaam anaweza kustaafu bila kuukuta, na ambao hospitali za Endulen na Wasso zinaufahamu vizuri. Mnyoo mdogo huishi tumboni mwa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika majani, maji na manyoya. Kondoo huyameza, na maini au mapafu yake hufanya vifuko vya maji. Kondoo akichinjwa, mbwa hutupiwa maini yenye kasoro, na mzunguko unaanza upya. Binadamu huingia katikati kwa bahati mbaya, mara nyingi akiwa mtoto anayecheza na mbwa wa boma. Kifuko ndani ya ini hukua polepole kwa miaka, bila maumivu, hadi siku tumbo linapoonekana kama la mjamzito.

Upasuaji wake unataka mkono mtulivu. Mpasuaji akishalifikia ini, huuzungushia uvimbe vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali, kwa sababu tone moja likimwagika tumboni linaweza kupanda vifuko vingine vingi, au kumshtua mgonjwa akiwa usingizini hadi presha ikaanguka ghafla. Maji hufyonzwa kwa sindano kwanza, kisha utando mweupe, laini kama ute wa yai uliochemshwa, hutolewa mzima. Mgonjwa hupewa albendazo kabla na baada.

Ni wagonjwa wangapi? Watafiti walifungua kumbukumbu za hospitali za Endulen, Wasso na Mount Meru za kuanzia mwaka 1990 hadi 2003, wakakuta zaidi ya 150 waliopasuliwa, wengi wao kutoka wilaya ya Ngorongoro na wengi wao wanawake. Makala ilitoka mwaka 2010. Jambo la kuzingatia ni nani waliofungua kumbukumbu hizo. Walikuwa wataalamu wa tiba ya mifugo kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzao. Wapasuaji walipasua na kuandika. Waliosoma na kujumlisha ni madaktari wa ng'ombe na mbwa. Hilo ni sifa kwao, na ni swali kwa fani ya upasuaji.

Turkana, kaskazini mwa Kenya, inaonyesha ambako swali hilo linaweza kufika. Huko ugonjwa huu ulikuwa miongoni mwa ulioenea zaidi duniani, na Amref, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, lilipeleka timu za upasuaji kwa ndege. Kuanzia miaka ya 1980 walikwenda na altrasaundi hadi mabomani, wakawapima watu wasio na dalili yoyote. Wakagundua kwamba uvimbe hupita hatua kadhaa, na mwingine hufa wenyewe bila kuguswa. Maarifa ya namna hiyo yaliingia katika mwongozo wa kimataifa: wengine wapasuliwe, wengine wanyonywe maji kwa sindano, wengine wapewe dawa tu, na wengine waangaliwe bila kufanywa lolote. Mpasuaji aliyehesabu vizuri aligundua ni nani hapaswi kumpasua.

Utafiti ndani ya Ngorongoro una masharti yake. Unataka kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na ruhusa ya mamlaka ya hifadhi. Unataka pia ridhaa iliyoelezwa kwa Kimaa, na kule Eyasi kwa Kihadza au Kidatoga, kwa mtu ambaye huenda hajui kusoma na ambaye ana haki ya kukataa bila kunyimwa tiba. Daktari anayeishi hapo ana faida ambayo mgeni wa wiki mbili hana: mgonjwa atakutana naye tena mnadani, na ahadi aliyompa ataikumbushwa.

Tangu Juni 2022, kwa mpango wa serikali ulioleta mabishano makubwa, familia nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga. Baadhi ya watu hao bila shaka wamehama na vifuko vya maji ambavyo havijaonekana, na wengine walipasuliwa miaka ya nyuma na uvimbe unaweza kuwaota tena. Vifuko hivyo vitajitokeza katika miaka ijayo mbele ya daktari wa Handeni ambaye ugonjwa huu ameusoma darasani tu, na anayeweza kuingiza sindano akidhani ni jipu. Huenda mbwa wamehama pia, na kondoo wa huko wanachinjwa. Kinachohitajika kuanzia ni orodha ya waliopasuliwa Endulen na Wasso, ridhaa yao ya kufuatiliwa, mashine moja ya altrasaundi inayobebeka, na madaktari wawili, mmoja wa Ngorongoro na mmoja wa Handeni, kila mmoja akiwa na namba ya simu ya mwenzake, na majina yao mwanzoni mwa makala itakayotoka.